Neno la Ramona kwa Teksi Nane

Ramona Ceballos alikuwa amelala chali chini ya lori la maziwa alipoona viatu vya Atilio Franzoni vikiingia gereji. Alivijua. Pale Las Taperas, mji mdogo wa bondeni, hakukuwa na mwanamume mwingine aliyevaa viatu vyeupe siku ya kazi. Kwa miaka kumi na mmoja viatu hivyo vilikuwa vikipita upande wa pili wa barabara, na leo vimekanyaga oili ya sakafu yake.

"Dada Ramona," alisema Franzoni. "Naomba dakika tano."

"Sema. Masikio yangu yanafanya kazi hata nikilala."

Franzoni akakohoa. "Nimesikia chama cha teksi kimekuchagua wewe uyapime magari."

"Umesikia vizuri."

"Basi nimekuja na ombi moja. Sikuombi unipendelee. Useme ukweli tu, gari langu lilivyo na lile la Wajapani lilivyo. Sitaki zaidi ya hapo."

Ramona akajisukuma akatoka chini ya lori, akaketi sakafuni na spana mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mabega mapana, nywele fupi alizozikata mwenyewe. Alimtazama Franzoni muda mrefu, kwa sababu alitaka kuhakikisha kwamba neno lile, ukweli, lilikuwa limetoka kweli katika mdomo ule.

Franzoni alikuwa wakala wa magari yanayoundwa humu humu nchini, katika viwanda vya Córdoba, ng'ambo ya milima. Kwa miaka ishirini kila gari jipya lililoonekana bondeni lilikuwa limepita mikononi mwake. Lakini mwaka ule wa 1980 serikali ilikuwa imefungua milango ya forodha. Peso, pesa ya nchi, ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida, watu wa mijini walipanda ndege kwenda Miami kununua televisheni, na magari ya Japani yalishushwa bandarini kama magunia ya sukari. Yalikuwa laini, hayanywi petroli nyingi, na yalikuja na redio yake. Franzoni hakuwa ameuza hata gari moja tangu Krismasi.

Teksi nane za Las Taperas, zilizowapeleka wagonjwa na wastaafu hospitali za Córdoba kwa barabara ya milimani, zilikuwa zimechakaa zote kwa mpigo. Benki ilikubali kuwakopesha madereva kwa sharti kwamba wote wanunue gari la aina moja. Franzoni akiyauza magari hayo manane, duka lake litapumua. Akiyakosa, atafunga. Na madereva walikuwa wamesema watafuata neno la Ramona. Yeye ndiye aliyewatengenezea magari yao, na alijulikana bondeni kote kwa jambo moja: akikuambia injini imekufa, imekufa, na akikuambia nenda nayo, unakwenda.

Lakini Ramona alikuwa na yake na Franzoni.

Mwaka 1969 mdogo wake, Hilario, alinunua kwa Franzoni gari jipya la rangi ya krimu. Aliliendesha miezi mitatu. Siku moja, mchana kweupe, barabara kavu, alitoka nje ya barabara kwenye kona ya mlimani akiwa peke yake, akaporomoka na gari mita sitini. Ramona alishuka mwenyewe kwa kamba. Baada ya kuutoa mwili wa ndugu yake alirudi chini kulikagua gari, kwa sababu hakuweza kuamini kwamba Hilario angeikosea kona ile. Kwenye gurudumu la mbele alikuta chuma cha usukani kimekatika, na pale kilipokatika palikuwa na kovu la kuchomelewa. Gari jipya halina kovu. Mwaka mmoja baadaye, mpiga rangi wa Franzoni, akiwa amelewa sikukuuni, alimwambia lilikotoka. Gari lile lilikuwa limeanguka kutoka kwenye lori lililokuwa likilileta. Franzoni akalichukua kwa bei ya chuma chakavu, akalinyoosha, akalipaka rangi, akaliuza kama jipya.

Wakati huo kile chuma cha usukani kilikuwa kimekwisha kupotea. Ramona alikuwa amekipeleka polisi wiki ile ile ya mazishi, na mkuu wa kituo alikuwa mtu anayekula nyama ya kuchoma nyumbani kwa Franzoni kila Jumapili. Ripoti iliandikwa kwamba Hilario Ceballos aliendesha akiwa amelewa. Hilario aliyekuwa akinywa soda hata kwenye harusi. Franzoni alituma shada la maua, kubwa kuliko yote.

"Ukweli," alisema Ramona, bado ameketi sakafuni. "Sawa. Anza wewe."

"Nianze nini?"

"Jumamosi madereva wanakutana ukumbini. Njoo usimame mbele yao, useme ulimwuzia Hilario gari gani. Useme hakuwa amelewa. Ukishamaliza, mimi nitasema habari za magari, na nitasema yote."

Rangi ilimtoka Franzoni usoni. "Jambo hilo lilikwisha, dada."

"Kwako."

"Nina watoto. Nina jina."

"Hilario naye alikuwa nalo."

Franzoni akaigeuzageuza kofia yake mikononi, halafu akaivaa. "Huna ushahidi," alisema taratibu. "Hukuwahi kuwa nao."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Alipoondoka, Ramona alirudi chini ya lori lakini hakuweza kukaza hata nati moja.  Kwa miaka yote ile alikuwa akiwaza namna ya kumfikia mtu huyu, na sasa mtu mwenyewe amekuja kwa miguu yake kumwonyesha shingo ilipo.

Wiki hiyo aliyapima magari. Alipakia mifuko minne ya saruji nyuma ya kila moja, akamchukua Isidro Molina, mwenyekiti wa madereva, wakapanda mlima na kushuka. Isidro alikuwa amelibeba jeneza la Hilario upande wa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu.

Gari la humu nchini lilikuwa na usukani mzito. Kwenye mpando wa mwisho rejeta ilichemka, ndani kulinuka petroli, na mlango wa nyuma ulitaka kubamizwa mara mbili.

"Linalalamika kama mama mkwe wangu," alisema Isidro.

"Lakini linafika."

"Hata yeye hufika. Kila Jumapili."

Ramona akacheka. Alilifahamu gari lile hadi uti wa mgongo. Likikukwamia milimani, unafungua boneti, na kwa koleo na kipande cha waya unarudi nyumbani. Na kila duka la vipuri, kuanzia Córdoba mpaka Villa Dolores, lilikuwa na kila kitu chake, kuanzia pistoni hadi kifuniko cha tangi.

La Wajapani lilipanda mlima bila kuinua sauti. Lilitumia petroli kama nusu na kidogo ya ile ya gari la kwanza. Asubuhi ya baridi, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, liliwaka kwa mgeuzo mmoja wa ufunguo.

"Limewaka?" aliuliza Isidro.

"Limewaka."

"Basi liambie likohoe kidogo, nijue liko hai."

Siku iliyofuata Ramona alikwenda Córdoba peke yake, kwenye duka lililouza magari hayo. Mwenye duka, kijana mmoja anayeitwa Arrieta, alinukia manukato na kumwita mama kila baada ya maneno matatu. Ramona alimwomba amwonyeshe vipuri. Arrieta alifungua kabati la kioo. Mlikuwa na vichujio vya oili, balbu, waipa jozi mbili na mkanda mmoja wa feni.

"Pleti za klachi?"

"Zinaagizwa, mama."

"Silinda za breki?"

"Nazo pia, mama. Kila kitu kinaagizwa. Meli ikifika tu."

"Kwa dola?"

"Dola ni rahisi sana siku hizi, mama."

Ramona alikuwa ameiona peso ikianguka mara tatu maishani mwake, na alijua maana ya siku hizi. Njiani kurudi, kichwa kikiwa kimeegemea kioo cha basi, alilipima jambo kama anavyopima injini. Gari la Wajapani lilikuwa zuri zaidi. Lingekwenda mwaka mmoja, pengine miwili, bila kumsumbua mtu. Lakini katika barabara ile hakuna klachi inayomaliza miaka miwili, na siku peso itakapoanguka, pleti moja ya klachi itamla dereva na watoto wake. Kwa watu hawa wanane, wenye mkopo wa miaka mitano, gari lililowafaa lilikuwa lile linalolalamika. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Madereva, wake zao, sahani za empanada, sambusa za kuoka, mezani. Ramona aliketi akitazama mlango. Alikuwa amejiambia kwamba Franzoni akija, hata akichelewa, hata akisema nusu, yeye atatimiza ahadi yake. Franzoni hakuja. Isidro akagonga meza.

"Haya, fundi. Tunakusikiliza."

Ramona alisimama, akaeleza. Alieleza habari za petroli, mpando, baridi asubuhi, breki kwenye mteremko. Alitaja rejeta ya gari la Franzoni na mlango wake. Kila neno lilikuwa kweli, na angeliapia mbele ya msalaba.

"Na vipuri?" aliuliza Isidro. "Gari likifa, kuna wa kulifufua au nilizike?"

Watu wakacheka. Ramona aliutazama mlango mara nyingine. Akaisikia sauti yake ikitoka imetulia.

"Yule mwuzaji ana kabati la vipuri. Nimeliona kwa macho yangu."

"Wewe ungenunua lipi?"

"La Wajapani."

Mikono minane ikanyooshwa juu.

Franzoni alifunga duka mwezi wa Oktoba. Ulipofanyika mnada wa vifaa vyake, Ramona alivaa gauni lake jema, lile la harusi za watu, akasimama mstari wa mbele. Waliuza madawati, kabati za chuma, jeki mbili. Ilipoletwa mashine ya kuchomelea, Ramona aliinua mkono, na hakuushusha mpaka wengine waliposhusha yao. Franzoni alikuwa ameegemea ukuta wa duka lililokuwa lake. Ramona alimpitia karibu, mashine ikiburutwa nyuma yake kwenye toroli.

"Usijali," alimwambia. "Mimi nitachomelea mageti tu."

 Wiki ile Ramona alikula kwa hamu na kulala kama mtoto. Aliimba akifanya kazi, kitu ambacho wateja wake hawakuwahi kukisikia. Alipopita mbele ya duka lile lenye vioo vilivyopakwa chokaa, alipunguza mwendo ili alione vizuri.

Mwaka uliofuata peso ikaanguka. Ilianguka Februari, ikaanguka tena Aprili, na kufika majira ya baridi watu walikuwa wameacha kuhesabu. Duka la Arrieta lilifungwa bila tangazo. Mtu aliyekwenda kuuliza alikuta wanauza mazulia. Na klachi zikaanza kuisha.

Ya kwanza ilikuwa ya Nicanor Funes, mmoja wa wale madereva wanane. Bei ya pleti moja, ikipatikana, ilikuwa kazi ya miezi minne. Ikafuata ya pili, kisha breki za gari la tatu. Ramona alifanya alichoweza. Akili yake ilikuwa kwenye magari yale hata mchana akipiga soga na watu, akijaribu kukumbuka ni gari gani jingine lenye kipande kinachokaribiana na hiki. Alisaga, alipunguza, alijaza. Baadhi ya vitu havikukubali. Magari matatu yalisimama uani kwake, yakashika vumbi, wagonjwa wa Las Taperas wakaanza kupanda malori ya mboga kwenda hospitali. Mwanzoni mwa 1982 benki ililichukua gari la Funes, na Funes mwenyewe akaenda Mendoza kuchuma zabibu za watu.

Kila asubuhi Ramona alijiambia kwamba hakuwa amesema uongo. Kila asubuhi maneno hayo yalikuwa mafupi kidogo kuliko jana yake.

Madereva waliitisha mkutano kutafuta la kufanya na mkopo. Ramona naye aliitwa. Walikuwa katikati ya mazungumzo mlango ulipofunguliwa na Franzoni akaingia. Wengi hawakumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, shati limefungwa vifungo kombo. Hakusubiri kukaribishwa.

"Nina maneno mawili," alisema. "La kwanza ni la Hilario Ceballos. Gari nililomwuzia lilikuwa limeanguka. Chuma cha usukani nilikichomelea na nilijua. Hakuwa amelewa. Mkuu wa kituo aliandika hivyo kwa sababu nilimwomba."

 Ramona alishika ukingo wa meza. Maneno yale aliyoyangoja miaka kumi na mitatu yalikuwa yakipita hewani mbele ya watu, wazi, kutoka katika mdomo wenyewe, na mwili wake wote ulipata joto.

"La pili ni la huyu hapa," Franzoni aliendelea, akamwonyesha kwa kidole. "Muulizeni kwa nini nasema leo. Alinitaka niseme haya siku ile mlipochagua magari. Alisema nikiyasema, atawaambia yote kuhusu magari. Nilikataa. Basi hakuwaambia yote. Alikwenda Córdoba kabla ya mkutano, akaliona kabati la yule kijana. Mpiga rangi wangu alikuwa ameshaajiriwa pale, alikuwa amesimama nyuma yake. Muulizeni alikuta nini ndani."

"Unataka nini, Atilio?" aliuliza Isidro.

"Sina ninachotaka. Nilikuwa na duka, sasa sina. Nilikuwa na jina, nimelimwaga hapa mwenyewe, mkitaka nishtakini. Nataka tu tubaki sawa, mimi na yeye, sote bila jina." Akageuka, akatoka, mlango akauacha wazi.

Isidro alimtazama Ramona. "Ni kweli?"

Angeweza kukana. Wangemwamini yeye kuliko Franzoni, hata sasa.

"Ni kweli."

"Kabatini mlikuwa na nini?"

"Vichujio. Balbu. Mkanda mmoja."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Elvira, mke wa Funes, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakupandisha sauti. "Mume wangu analala kwenye banda la zabibu, Ramona. Ulikuwa ukija kwangu kula. Ungeninong'oneza tu."

Walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana, na Ramona alitamani wangemtukana.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Clementina, akimenya viazi vitamu kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha. Ramona aliketi kando yake akamwambia alichosema Franzoni. Sehemu ya kwanza tu. Mama akaweka kisu chini.

"Alisema mbele ya watu?"

"Ukumbi mzima, mama."

"Alisema hakuwa amelewa? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

"Rudia."

Ramona alirudia. Bi Clementina alimfanya arudie mara tatu, kisha akafuta mikono kwenye aproni na kusema, "Chukua karatasi. Tumwandikie shangazi yako San Luis. Yeye aliiamini ripoti." Wakaandika hadi jua likaondoka dirishani, mama akitaja, binti akiandika, na hakuna siku Ramona alikuwa amemwona mama yake na uso ule tangu mazishi. Aliandika na machozi yalimdondokea, asijue ni ya kilio kipi.

Madereva walihamishia magari yao Villa Dolores, mwendo wa saa nzima, kwa fundi ambaye hakujua hata nusu. Mwezi mzima gereji ilikuwa na matrekta tu na lori la maziwa. Ramona hakumfuata mtu. Alijifungia na sehemu za magari yale mawili, la humu nchini na la Wajapani, akazipima kwa milimita, mpaka akapata silinda ya breki ya gari la Franzoni ambayo, ikitobolewa upya na kufungwa kwa bamba, ilikaa kwenye gari la kigeni kama imezaliwa pale. Alituma habari kwa wote saba waliobaki. Aliyekuja ni Isidro.

Hakusalimia. Aliacha ufunguo kwenye boneti akasimama mlangoni, mgongo nje, wakati Ramona akifanya kazi. Ilichukua asubuhi nzima.

"Yangekurudia yale, ungefanya tena?" aliuliza bila kugeuka.

Ramona alikaza nati, akafikiri. Hakutaka kumwambia Isidro uongo wa pili.

"Kwa Franzoni, ningefanya. Ila wewe ningekuita kando nikuambie."

"Na wale wengine saba?"

Ramona akaweka spana chini. Akamwambia apande akanyage breki. Isidro alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena kwa nguvu.

"Imeshika," alisema.

"Basi waambie waje. Nitawafungia wote."

"Nitawaambia. Kuja ni juu yao." Akawasha gari, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa na kumpa kupitia dirishani. Ilikuwa barua kwenda kwa hakimu, ikiomba ripoti ya mwaka 1969 ifunguliwe upya. Chini palikuwa na sahihi za madereva wote, hata ya Funes, iliyotumwa kutoka Mendoza.

Ramona aliisoma amesimama. "Isidro," alianza.

"Hilo ni la Hilario," alisema Isidro. "Si lako." Akaingiza gia akatoka uani, akapinda kushoto kuelekea mlimani.